Linux kwa waanzaji: namna tunavyoifundisha

Mwaka uliopita kijana mumoja alitujia jioni, karibu kulia. Mukononi alishika flashi. Ndani yake mulikuwa kazi yake ya mwisho wa masomo, kurasa zaidi ya 70, na kesho yake asubuhi alipashwa kuipeleka kwa mwalimu. Alikuwa amepita kwenye duka la kuchapia. Walipoingiza flashi ndani ya mashini ya pale, dosie zote ziligeuka kuwa vishale vidogo visivyofunguka. Mwenye duka alimwambia: «Vitu vyako vimekwisha kupotea, nunua flashi ingine.» Tuliichukua, tukaiingiza ndani ya ordinateri moja ya zamani yenye Linux, na mara ileile dosie zote zikaonekana, hata ukurasa mumoja haukukosekana. Kijana alizani tumefanya muujiza.

Haukuwa muujiza. Virusi vya namna ile havifuti kazi ya mutu. Vinaificha tu, kisha vinaweka mahali pake kishale cha uongo, na ukikibonyeza, virusi vinapita na kuingia ndani ya mashini. Alama ile ya kuficha inasikilizwa na Windows, lakini Linux kwa desturi haiitii. Na programu ya virusi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haipati njia ya kutembea mule. Hayo tu. Lakini tangu jioni ile wengi wametuuliza: hiyo Linux ni kitu gani? Na walimu wenzetu wametuuliza jambo gumu zaidi: namna gani kumufundisha mutu asiyejua hata kushika kipanya? Tujaribu kujibu.

Kwanza tusikilizane juu ya maneno. Ordinateri peke yake ni chuma. Ndani ya nyumba kubwa kama hii yetu kuna ekonome. Mupishi akitaka unga, haendi kuvunja mulango wa gala. Anakwenda kwa ekonome mwenye funguo. Mutunza bustani akitaka jembe, ni vilevile. Ekonome anajua nani amechukua nini, anazuia watu wawili wasigombee chombo kimoja, na usiku anafunga. Mufumo wa ordinateri ndio ekonome huyo. Programu ya kuandika ikitaka nafasi ndani ya diski, ao ikitaka kujua kidole chako kimegusa herufi gani, inapita kwake. Windows ni mufumo mumoja wa namna hiyo. Linux ni mwingine. Nyumba ni ileile, ekonome amebadilika.

Linux inaitwa mufumo huru. Waingereza wana taabu hapa, kwa kuwa luga yao inatumia neno moja kwa kitu kisicholipwa na kwa mutu asiye mutumwa. Sisi tuna maneno mawili, tuyatumie: bure, na huru. Linux karibu kila mara inapatikana bure, lakini sifa yake ya kweli ni ile ya pili. Kila programu inaandikwa kwanza na mutu, kwa maneno ambayo mutu mwingine aliyejifunza anaweza kuyasoma. Kisha inageuzwa kuwa tarakimu za mashini. Mama anayeuza sombe anaweza kukupa sombe tu, ukala, ukashiba, usijue alitia nini ndani ya chungu. Ao anaweza kukupa sombe pamoja na maelezo yote: mawese kiasi gani, chumvi kiasi gani, aliitwanga muda gani. Mwenye mufumo huru anapata vyote viwili, na ruhusa ine: kuutumia kwa kazi yoyote, kusoma namna ulivyotengenezwa na kuugeuza, kuwapa wengine nakala, na kuwapa wengine hata ile aliyoigeuza mwenyewe.

Ruhusa ya tatu ndiyo inayotugusa sisi zaidi. Mashini nyingi za miji yetu zinatumika na nakala za Windows zisizo na lisanse. Mutu analipa feza kidogo, anapewa pamoja na nakala ile programu ndogo ya kuvunja kufuli, naye hajui ndani ya programu ile mumefichwa nini. Hatuwahukumu, bei ya lisanse ni muzigo muzito kwa mushahara wa mwalimu. Tunasema tu kwamba virusi vingi vinapita mulango huo. Tena, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida kwa Windows 10, na ordinateri nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, hata zikiwa bado nzima.

Ilitoka wapi? Kwa ufupi: Richard Stallman, Mumarekani, alikuwa anatumika kwenye maabara ya chuo cha MIT. Maabara ilipokea mashini mupya ya kuchapa, ambayo karatasi zake zilikwama mara kwa mara. Alitaka kurekebisha programu yake kusudi iwaarifu watu kila inapokwama, kama alivyofanya kwa mashini ya mbele yake, lakini alinyimwa maandiko ya programu ile. Septemba 1983 alitangaza kazi ya GNU, maana yake kutengeneza mufumo muzima ulio huru. Kufika mwaka 1991 vipande vingi vilikuwa tayari, lakini kiini kilikosekana. Mwaka ule, mwezi wa Agosti, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finlandi, aliwaarifu watu kwamba anatengeneza kiini chake mwenyewe. Mwaka 1992 alikiweka chini ya lisanse ya GNU, na vitu viwili hivi vikaoana. Ndiyo sababu wengine wanashika sana jina la GNU/Linux. Wana haki, lakini mbele ya waanzaji sisi tunasema Linux, inatosha.

Watu mbalimbali wanakusanya vipande hivi na kuvitoa vikiwa tayari kutumika. Debian ilianza mwaka 1993. Juu ya Debian ilijengwa Ubuntu, mwaka 2004, kwa feza na juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini; jina lenyewe tunalisikia bila mukalimani, kwa kuwa ubuntu ya Wazulu ndiyo bumuntu ya Waluba na utu wa Waswahili. Juu ya Ubuntu ilijengwa Linux Mint, mwaka 2006. Kwa kalasi yetu tunatumia Linux Mint, kwa kuwa sura yake haimushangazi mutu aliyekwisha kuona Windows. Inaomba memori ya giga 2, ingawa 4 ni afazali. Kwa mashini za zamani tunachukua ile yenye sura nyepesi inayoitwa Xfce. Zile za kizamani kabisa, za bit 32, zimekuwa na shida: hata Debian, iliyozivumilia sana, katika toleo lake la 13 la mwaka 2025 haitoi tena njia ya kuisimika juu yake.

Sasa tufike kwenye kufundisha kwenyewe.

Mwaka wa kwanza tulianza vibaya. Tulisimama mbele ya ubao, tukaeleza kiini, lisanse na mambo yote ya 1983 mnayoyasoma hapa juu. Siku ya tatu wanafunzi wengine walisinzia. Wengine walibaki macho kwa heshima tu. Kosa lilikuwa letu. Mwanzaji hakuja kujua Linux. Alikuja kwa sababu anataka kuandika barua ya kuomba kazi, ao kupanga hesabu ya koperative ya mama yake. Basi sasa siku ya kwanza hatutaji hata jina la Linux. Tunawasha mashini, tunafungua programu ya kuandika ya LibreOffice, na kila mumoja anaandika jina lake, jina la kijiji chake, na barua fupi kwa mutu anayemupenda. Mbele ya kuondoka anaihifazi, anazima mashini, anaiwasha tena, na anaitafuta barua yake mpaka anaipata. Kuitafuta ndiko somo. Wengi wanajua kuandika. Wachache wanajua kazi yao imekwenda wapi.

Adui mukubwa wa kalasi ni woga. Baba mumoja, katekista wa miaka mingi, alikuwa anainua kidole juu ya klavye kama mutu anayeogopa kugusa jiko la moto, na kila mara aliuliza: «Padri, nikibonyeza hapa haitaharibika?» Dawa ya woga ule tuliikuta ndani ya Linux yenyewe. Mufumo huu unaweza kutembea kutoka ndani ya flashi, bila kusimikwa ndani ya diski. Unaingiza flashi, unawasha mashini huku ukibonyeza F12 ao F2 ao Esc (kila mutengenezaji ana desturi yake), na mufumo unafunguka muzima. Ukizima na kuchomoa flashi, mashini inarudi kama ilivyokuwa. Tulimwambia baba yule: leo bonyeza kila kitu unachokiona, isipokuwa kipicha kimoja tu cha kusimika mufumo, na usiguse dosie za diski. Akabonyeza. Alipoteza upau wa chini, aligeuza rangi zote, alifungua madirisha ishirini. Tukazima, tukawasha, kila kitu kikarudi mahali pake. Alicheka sana. Wiki ile alijifunza kuliko vijana.

Sheria ya pili ni ya mwalimu, nayo ni ngumu kuishika: mikono nyuma. Mwanafunzi akikwama, mwalimu anapenda kuchukua kipanya, na kwa mibonyezo mitatu jambo limekwisha. Mwalimu amefurahi, mwanafunzi hakuona kitu. Sisi tunasimama nyuma yake, mikono mugongoni, tunasema kwa kinywa tu: «Tazama juu, upande wa kushoto. Soma neno lililoandikwa pale.» Inachukua muda mara kumi zaidi. Wakiwa wawili kwa mashini moja, tunawabadilisha kila robo saa, kwa kuwa pasipo hivyo mwenye ujuzi anashika kipanya mpaka jioni na mwenzake anakuwa mutazamaji wa mupira.

Kuna vitu vidogo ambavyo mwalimu aliyezoea hawaoni wanafunzi wake wakijikwaa juu yake. Tutaje vile vilivyotupotezea muda.

Klavye. Ordinateri zinazotoka Ubelgiji zina klavye ya Kibelgiji, na zile za Ufaransa zina ya Kifaransa. Zote mbili zinaanza na herufi A Z E R T Y, kwa hiyo mutu anazani ni kitu kimoja. Hapana. Ile alama ya anwani za barua pepe, @, kwa Wabelgiji iko pamoja na tarakimu 2. Kwa Wafaransa iko pamoja na 0. Siku moja tulisimika mashini sita za Kibelgiji, na kwa haraka tukachagua Kifaransa. Hatukuona kosa, kwa kuwa herufi zote zilikaa sawa. Kisha tukarekebisha klavye, na mutu aliyeweka alama ya mushangao ndani ya neno lake la siri hakuweza tena kuingia, kwa kuwa kidole chake kilizoea kubonyeza mahali pengine. Mchana muzima ulikwisha hivyo. Na zile zinazotoka Marekani zinaanza na Q W E R T Y. Ukikosea hapo, kila a itakuwa q.

Neno la siri ndani ya terminali. Mwanzaji anaambiwa aandike neno lake la siri, anaandika, na mara nyingi kioo hakionyeshi hata nukta moja. Anazani klavye imekufa, anabonyeza kwa nguvu, anaanza upya. Mbele ya kufika hapo mwambie: mufumo unasikia, lakini unanyamaza kusudi jirani asihesabu herufi zako.

Herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, Barua na barua ni majina mawili ya vitu viwili. Mwanafunzi anasema kazi yake imepotea, kumbe anatafuta kwa jina lingine.

Muti mumoja. Aliyetoka kwa Windows anatafuta diski C na diski D. Hapa kuna shina moja tu, linaloandikwa kwa mstari mumoja ulioinama, /, na vitu vyote, hata flashi, ni matawi yake. Nyumba ya kila mutu iko ndani ya tawi linaloitwa home. Tunachora muti ubaoni, kila mwanafunzi anaandika jina lake juu ya tawi lake, na mchoro unabaki mpaka mwisho wa mafundisho.

Kuchomoa flashi. Mufumo hauandiki kila kitu saa ileile. Mara nyingi unashika mizigo mukononi kwanza, unaipeleka ndani ya flashi ukipata nafasi. Ukichomoa gafula, muzigo unaanguka njiani. Omba kwanza kuitoa, ngoja jibu, kisha chomoa. Ni vilevile kwa umeme wetu unaokatika bila kuaga. Diski yenyewe inajitetea vizuri kiasi, kwa kuwa mufumo unaweka daftari ya mabadiliko yake na unaisoma ukiwashwa tena. Lakini sentensi ambazo hukuhifazi hakuna daftari inayozikumbuka. Ctrl na S kila aya. Tunalirudilia neno hili mpaka wanafunzi wanatuchekea.

Terminali yenyewe, yaani dirisha jeusi ambamo mutu anaandika amri, tunaileta nyuma ya wiki tatu, si mbele. Wengine wanaifanya kuwa mulango wa kwanza, na hapo ndipo wanafunzi wanakimbia. Tunaanza na amri tano: pwd inayosema uko wapi, ls inayokuonyesha vilivyomo, cd ya kuhama, mkdir ya kufanya dosie mupya, cp ya kunakili. Ni maneno ya Kiingereza yaliyokatwakatwa, yaliyozaliwa mbele ya Linux yenyewe, siku za mashini za polepole ambapo kila herufi ilikuwa na uzito. Amri ya rm, ya kufuta, tunaifundisha peke yake, siku yake. Haina kapu la taka. Haiulizi mara mbili. Mwalimu mumoja kati yetu aliwahi kufuta kwa njia hiyo maksi za muhula muzima. Alizikuta tena ndani ya kaye ya karatasi, na tangu hapo kaye ile haiachi.

Labda mutu atasema: ofisi zote za muji zinatumia Windows na Word, mutawafundisha vijana kitu wasichokikuta? Swali ni la kweli, na tusidanganye mutu. LibreOffice inafungua na kuandika makaratasi ya Word, lakini mara nyingine mistari inahama na majedwali yanapanuka. Kuna programu za hesabu za ofisi ambazo hazitembei ndani ya Linux. Kuna mashini za kuchapa na vipokezi vya wifi ambavyo mutengenezaji hakuvitolea programu. Tunavyo viwili kabatini, havina kazi. Kwa hiyo tunawafundisha vitendo, si mahali pa kubonyeza: kuhifazi, kutafuta, kunakili, kupanga, kuchapa. Karatasi inayokwenda kuchapwa kwa jirani tunaigeuza kwanza kuwa PDF, na hapo mistari haihami tena. Na wiki mbili za mwisho tunaazima mashini yenye Windows, wanafunzi wanafanya kazi zilezile juu yake. Mpaka leo hakuna aliyeshindwa kuvuka.

Luga nayo ni taabu. Kinywa chetu kinafundisha kwa Kiswahili, kioo kinajibu kwa Kifaransa. Hata hivyo kazi ya kuleta Kiswahili imeanza zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Ruhusa ya pili, ile ya kugeuza, ndiyo iliyoiwezesha; hakuna aliyepashwa kuomba kibali. Maneno mengine ya kule pwani hayajulikani hapa kwetu, na kijana mwenye uvumilivu angeweza kuandika yetu.

Programu mupya hatuzitafuti hapa na pale kwenye intaneti. Linux ina gala lake, ambamo kila programu imekaguliwa na kutiwa sahihi, na mufumo unaitoa mule. Ni njia salama, lakini inakula megabaiti, na megabaiti ni feza. Sisi tunashusha usiku, kwa mashini moja tu, nayo inawagawia zingine kwa kamba bila kutoka nje tena. Debian inatoa pia diski zilizojaa programu, zinazotumika pasipo intaneti hata kidogo.

Anayetaka kujaribu anahitaji flashi moja na picha ya Linux Mint, inayofika karibu giga 3. Akiisha kuishusha, alinganishe tarakimu zake za ushuhuda na zile zilizotangazwa na watengenezaji, kwa kuwa picha iliyokatika njiani inaweza kufunguka nusu na kumukatisha tamaa bure. Picha moja inatosha kwa flashi mia, na lisanse haikatazi kuazimana. Tumeiweka ndani ya mashini iliyo karibu na mulango wa maktaba. Mwenye flashi ya giga 8 aje nayo Jumamosi, saa nane mchana, lakini atoe vitu vyake vyote ndani mwake kwanza, kwa kuwa kuiandika picha kunafuta kila kitu kilichomo.